Simu au mashine ya GPS: kwa anayeanza kutafuta makasha Arusha na Moshi

Julai iliyopita mpwa wangu alipanda kutoka Dar na akiba yake mfukoni, anataka kununua mashine ya GPS ya mkononi, kile kifaa kinachosikiliza satelaiti na kukuambia ulipo. Alikuwa ameshanogewa na jiokashingi, ule mchezo wa kutafuta makasha yaliyofichwa kwa kufuata kodineti, yaani namba zinazotaja mahali duniani, na mtu alikuwa amemtia maneno kwamba mchezaji wa kweli hatembei na simu. Nikamwambia pesa ilale wiki mbili kwanza. Nyumbani nilikuwa na mashine moja kuukuu niliyonunua kwa mtu, rafiki yangu anayeongoza watalii akatuazima ya kwake mpya, na simu kila mtu anayo. Tukazibeba zote kwa pamoja, tukazunguka nazo Njiro, Sakina, Tengeru mpaka Ziwa Duluti, halafu siku tatu upande wa Moshi, baridi ikitung'ata masikio.

Kwa asiyeujua mchezo: mtu anaficha kasha, yaani kopo au chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kukaza, ndani mna daftari. Anaziweka kodineti zake kwenye tovuti ya geocaching.com. Wewe unakwenda, unalitafuta, unasaini daftari (kalamu beba yako, ya ndani huwa imekauka), unalirudisha pale pale. Ukichukua kitu kilichomo, unaacha kingine chenye thamani ile ile au zaidi. Ulianza Mei 2000, mara tu baada ya serikali ya Marekani kuzima upotoshaji wa makusudi wa mawimbi ya GPS uliokuwa ukiwafanya raia wakosee hadi mita 100 hivi. Kesho yake, Mei 3, Dave Ulmer akaficha ndoo karibu na Beavercreek, Oregon, na kati ya vitu alivyotia humo kulikuwa na manati na kopo la maharage. Neno kasha ni la kwetu, tena kwa bahati linakaribiana kwa sauti na "cache" wanaloliita wenzetu, kwa hiyo nalitumia bila kuomba radhi.

Huku kwetu makasha si mengi kama Ulaya. Hilo lishike, maana linaathiri uamuzi wa pesa: siku nyingi utakuwa unatafuta kasha moja lililo mbali, au utaficha la kwako ili wenzako walitafute.

Usahihi, tuumalize upesi

Kila anayeuliza huanzia hapa. Mahali pa wazi, kwenye kiwanja cha mpira pale Njiro, simu na mashine mpya zilitofautiana hatua mbili tatu, na kesho yake zikabadilishana nani mkweli. Zote zinasikiliza satelaiti zilizo kilomita 20,200 hivi juu yetu, zote zinahitaji kuzisikia angalau 4 kwa wakati mmoja, na anga likiwa jeupe zote zinakufikisha ndani ya mita 3 hadi 5.

Tofauti ilijitokeza Kibosho, upande wa Moshi, chini ya migomba na miti iliyokaa juu ya mikahawa. Mashine yangu kuukuu ni ya kizazi kinachosikia GPS ya Marekani peke yake. Ndani ya dakika kumi ilipoteza satelaiti mara tatu. Ile mpya na simu zetu zinasikia pia GLONASS ya Urusi na Galileo ya Ulaya, kwa hiyo majani yakiziba hizi, zinabaki zile. Ziliyumba, mara mita 8, mara mita 12, lakini hazikukata. Kilichokuwa na uzito ni umri wa kifaa, si kama ni simu au mashine.

Kuna la kuzima kwenye mashine hata kabla hujatoka nyumbani. Kwenye menyu utakuta WAAS au EGNOS. Ni masahihisho yaliyotengenezwa kwa ajili ya Amerika Kaskazini na Ulaya. Huku hayana faida, yanakula betri tu.

Na upande wa simu, usidanganyike kuhusu bando. Simu haihitaji intaneti ili ijue ilipo; inahitaji intaneti ili ichore ramani na kupata satelaiti haraka mara ya kwanza. Pakua ramani ya Tanzania ukiwa na Wi-Fi kwenye OsmAnd au Organic Maps, zote ni bure na zinatumia ramani za OpenStreetMap, kisha ingia porini bila hata shilingi kwenye laini. Dakika mbili za kwanza simu itaduwaa. Iache, itaamka.

Mshale

Hapa ndipo akiba ya mpwa wangu ilipookolewa.

Ukikaribia kasha huangalii tena ramani, unaangalia mshale. Unaambiwa mita 14, upande ule. Sasa, GPS yenyewe haijui umeelekea wapi. Inajua ulipo, na inajua ulipokuwa sekunde chache zilizopita, basi inakisia mwelekeo kutokana na hatua zako. Ukisimama, inakosa cha kukisia. Mshale unaganda, au unazunguka kama mlevi. Na mtu anayetafuta kopo chini ya mti kazi yake ni kusimama, kugeuka, kuinama, kusimama tena.

Dawa yake ni kifaa chenye dira ya sumaku ndani, ambayo inajua kaskazini hata ukiwa umesimama wima kama mnara. Mashine nyingine zinayo, nyingine hazina, na bei peke yake haikuambii. Chukua za kampuni ya Garmin: eTrex 10 haina. eTrex 22x, yenye kioo cha rangi na ramani, haina. eTrex 32x, ambayo kwa macho ni pacha wake, inayo. eTrex SE iliyotoka 2023 ni ya bei ya chini kuliko hizo mbili za mwisho, kioo chake ni cheusi na kijivu, lakini dira imo.

Simu nazo ni hivyo hivyo, ila watu hawajui. Simu nyingi za bei ya chini hazikuwekewa sensa ya dira. Simu ya mpwa wangu ilikuwa hivyo. Pale Sakina, kwenye ukingo wa korongo, tuliangalia kwa zamu: yangu inaonyesha mawe, yake inaonyesha barabarani, amesimama bega kwa bega na mimi. Akatembea hatua sita mbele, mshale wake ukajirekebisha. Akasimama, ukapotea tena. Hapo akaelewa kwamba mshale wa kuyumba aliokuwa anaulalamikia miezi yote ile haukuwa kosa la GPS.

Dira yenyewe ina visirani vyake. Irekebishe kila ukibadilisha betri, kwa kuizungusha mkononi kama menyu inavyoelekeza. Usiisome ukiwa umeegemea gari au lango la chuma, na chini ya bati iangalie kwa mashaka. Zikibaki mita 5 iweke mfukoni, sasa ni kazi ya macho: jiwe lililokaa kwa mpangilio mno, majani makavu yaliyorundikwa na mtu, tundu la mti kwa urefu wa kifua.

Betri, jua na manyunyu

Mashine inashinda, bila ubishi. eTrex 22x inakwenda saa 25 kwa betri mbili za AA, na SE mtengenezaji anaitaja saa 168 katika matumizi ya kawaida. Kioo chake jua likiwaka ndipo kinasomeka vizuri zaidi, wakati simu inageuka kioo cha kujitazamia. Ikidumbukia majini kina cha mita 1 kwa nusu saa, haidhuriki. Simu ikiwa na programu ya makasha wazi, mwanga juu, kutoka saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, yangu ilibaki asilimia 20, na hapo bado unahitaji kumpigia bodaboda aje kukuchukua.

Ila betri za AA zina mtego. Zile za bei rahisi za saa ya ukutani, tulizonunua dukani Tengeru, zilikufa kabla ya chakula cha mchana. Nunua alkalaini, au bora zaidi nunua nne za kuchaji mara moja uachane na maduka. Kisha ingia kwenye menyu uiambie mashine ni betri za aina gani, la sivyo alama ya chaji itakudanganya.

Pawabanki moja inaziba pengo hilo lote kwa simu, nakiri. Uzito wake ni kama wa mashine yenyewe.

Macho ya watu

Hili sijaliona kwenye ulinganisho wowote, na huku kwetu ndilo linaloamua kama utarudi nyumbani na furaha.

Kibosho tulificha kopo la kahawa wenyewe kwa mazoezi, kwenye kihamba, yaani shamba la nyumbani la Kichaga, cha mama mmoja tunayefahamiana naye, kwa ruhusa yake. Asubuhi ya pili mpwa wangu akatangulia na ile mashine mpya, ameishika kifuani kwa mikono miwili, anatembea taratibu akihesabu hatua. Akavuka masale, ile mimea ya mpakani, bila kujua kwamba ameingia kwa jirani. Mzee akatokea nyuma ya migomba.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Mnapima nini?"

"Hatupimi, babu. Tunatafuta kopo."

Mzee akaiangalia mashine, akamwangalia kijana, akaniangalia mimi niliyekuwa nafika nikihema. "Kopo," akasema.

Ukweli ukiwa wa ajabu hivyo, husikika kama uongo wa mtoto. Mwenye mashine ya GPS, milimani kwetu, ni mtu wa ardhi. Kuna kihamba kinauzwa, kuna mpaka unasogezwa, kuna ndugu wa mjini kaleta wapimaji bila kikao. Dakika chache baadaye walikuwa wanne, mmoja na panga la kukatia majani ya ng'ombe, wote wakiuliza nani ametutuma. Ningekuwa na akili ningekwenda na jani la sale mkononi kabisa, niombe msamaha mapema. Kilichotutoa ni yule mama kuja mwenyewe na kueleza, na kopo kuonekana pale pale mshale uliposema, na mzee kusoma daftari lenye majina yetu mawili na tarehe. Alitaka kuushika mshale autembeze mwenyewe mara ya pili. Akautembeza, amekunja uso, hadi kwenye jiwe.

Ukiwa na simu hakuna anayekuuliza. Kila mtu anatembea ameinamia simu. Kwa hiyo vijijini simu ina heri kuliko mashine, na mjini mambo yanageuka: Soko Kuu, stendi, au pembeni ya Mnara wa Saa, simu ndiyo anayoitaka kibaka wa pikipiki, wakati ile mashine yenye vitufe hata hajui ataiuza kwa nani. Kwa vyovyote, kijijini pita kwa balozi wa nyumba kumi au mwenyekiti wa kitongoji kabla hujaingia kwenye migomba ya watu. Na usifiche kitu ndani ya hifadhi ya taifa au msitu wa serikali bila idhini ya wenyewe. Sheria za mchezo nazo zinataka ruhusa ya mwenye ardhi, zinakataza kuchimba shimo bila ruhusa yake ya wazi, na zinataka makasha mawili yaachane angalau mita 161.

Namba zinapokugeuka

Kwenye simu hili halikuhusu sana: unagusa kasha kwenye programu, iwe ile rasmi au c:geo ya Android ambayo ni bure, na namba zinaingia zenyewe. Kwenye mashine unaweza kuandika kwa mkono, na mkono hukosea.

Mchezo huu huandika kodineti kwa nyuzi na dakika zenye desimali. Arusha mjini ni kama S 3° 22 na kitu, E 36° 41 na kitu. Tarakimu ya tatu baada ya nukta ya dakika ni karibu mita 2 ardhini, kwa hiyo usiikadirie. Mpwa wangu, kasha lake la kwanza kwa mashine, aliacha N mahali pa S. Mashine ikamwambia kwa adabu kwamba lipo kilomita mia saba na zaidi, huko karibu na Ziwa Turkana. Hilo kosa zuri, linajitangaza. Baya ni kuchukua dakika 22.500 ukaziingiza kama desimali ya nyuzi, 3.22500. Unatupwa kilomita 16 na ushee, umbali unaoaminika kabisa, na unaweza kukodi bajaji kuufuata.

Mimi nilipotezwa na kitu kingine. Mashine yangu ya mtumba, aliyeniuzia alikuwa akifanya nayo kazi za upimaji. Ilikuja na kodineti za mita za kanda 37, namna wapimaji wanavyoandika mahali, hizo nilizibadilisha siku ile ile, lakini sikugusa mstari wa chini yake. Uliandikwa Arc 1960. Hicho ndicho kipimo cha msingi cha ramani zetu za zamani za karatasi, na makasha yote duniani yanatumia WGS 84. Kati ya hivyo viwili, huku kwetu, kuna karibu mita 300. Wikendi mbili nilitafuta kasha ng'ambo ya mto, nikiwa na usahihi wa mita 4 kwenye kioo. Ukinunua mashine iliyotumika, nenda moja kwa moja kwenye mpangilio huo kabla ya kingine chochote.

Mashine za siku hizi zinakuondolea uandishi: unapakua faili la GPX, lenye kodineti na maelezo, kwenye kompyuta, unalipeleka kwa waya wa USB, na maelezo ya kasha, dokezo lake na ugumu wake (1 hadi 5 kwa utafutaji, 1 hadi 5 kwa njia) vinakuja vyote. SE inaweza pia kuvipokea kutoka kwenye simu bila waya. Yangu kuukuu haina hata tundu la USB. Waya wake ni wa zamani wenye ncha pana, na sikupata mjini kompyuta yenye pa kuuchomeka. Baadhi ya mashine za umri huo, tangu Aprili 2019 hesabu ya wiki za GPS ilipoanza upya, zinaonyesha tarehe ya miaka karibu 20 nyuma. Mahali zinasema kweli. Siku ya kuweka kumbukumbu ndiyo utaandika kwa kichwa chako.

Kwa hiyo nani anunue nini

Mpwa wangu hakununua mashine. Aliuza simu yake, akaongeza kidogo, akachukua nyingine yenye dira, pamoja na pawabanki. Yeye anakaa Dar, anatafuta makasha ya mjini mara moja kwa mwezi. Kwake mashine ingelala kabatini.

Wewe uliye Arusha au Moshi na unapanda milimani, unatembea Duluti, unaingia msitu wa Rau, na hasa kama unaongoza wageni au una kazi nyingine ya porini itakayoilipia mashine siku zisizo za makasha, nunua. Ningeanza na SE. Ilipotoka Marekani ilitangazwa kwa dola 150 hivi. Huku ongeza usafiri na ushuru. Haina ramani za kina, na hilo si hoja kwa sababu simu yenye ramani iko mfukoni kwako. 32x ni ya mtu anayetaka kila kitu kwenye kifaa kimoja na hana haraka na pesa. 22x naipita: ramani nzuri, mshale kipofu ukisimama. Zile kubwa zenye antena ya kusimama, kama GPSMAP 65s, zinasikia mawimbi ya masafa mawili na chini ya miti minene ni kifaa kingine kabisa, lakini ni bei ya mtu anayelipwa kuitumia. Kwa kuficha makasha hata SE inatosha ukiwa na subira: pima pointi ile ile mara kadhaa, ukiacha saa moja na nusu au zaidi kati ya kipimo na kipimo, halafu chukua wastani.

Mtumba si dhambi, mradi usilipe ukiwa ndani ya duka. Toka nje na mwenye duka, mahali anga linaonekana, weka betri mpya ulizokuja nazo. Subiri ipate satelaiti. Rekebisha dira. Weka pointi hapo mlangoni, tembea hatua hamsini, iambie ikurudishe. Sasa simama, usisogee, jigeuze polepole mduara mzima. Mshale ukibaki umeelekea mlangoni wakati wewe unazunguka, toa pesa. Ukizunguka pamoja nawe, mrudishie mashine yake.